Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utafiti wa afya: Swali langu limevalishwa nguo nne

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya afya na ya elimu ya juu,
Kwa wanaosimamia fedha za utafiti za taifa,
Kwa wakurugenzi wa masomo ya uzamivu vyuoni.

YAH: DIRISHA LA UFADHILI WA PhD KWA WATAFITI WA AFYA WALIOKO WILAYANI

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mwanasayansi wa maabara katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa, upande wa majaruba ya mpunga, si upande wa ziwa lenyewe. Nautaja upande mapema kwa sababu ndio ulionipa swali ninalolihangaikia. Kando ya ziwa kichocho kilichotawala ni kile cha tumbo. Huku kwetu, kwenye malambo na majaruba, ni kile cha mkojo. Ukiliweka yai la mnyoo wake chini ya hadubini utaona mwiba mkiani. La kile kingine mwiba uko ubavuni. Ni jambo la kwanza kabisa tulilofundishwa chuoni kuhusu kichocho, na hadi leo nikiona mwiba wa mkiani najua mgonjwa ametokea upande gani wa wilaya.

Mkojo wa kutafuta kichocho huchukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndio muda mayai hutoka kwa wingi. Unavuta mililita 10 kwa bomba la sindano, unazisukuma kwenye kichujio, unakilaza kichujio juu ya kioo, unaangalia. Kazi ya dakika chache. Kwa mtoto wa shule inatosha. Kwa mwanamke mtu mzima mara nyingi haitoshi, kwa sababu mayai yanaweza kuwa yameshanasa kwenye shingo ya kizazi na ukeni, na mkojo ukatoka msafi kabisa.

Mama mmoja alinifundisha hilo kuliko kitabu. Alikuja na daftari lake la matibabu, lile la shule la kurasa 48 ambalo huku kwetu ndilo faili la mgonjwa. Nililifungua nikakuta mwandiko wa watu watatu tofauti, tarehe tatu, na maneno yaleyale: kutokwa uchafu ukeni, maumivu chini ya kitovu. Dawa zilezile mara tatu. Mara zote tatu aliambiwa aje na mumewe. Mara ya tatu mume aligoma, ikawa ugomvi, akarudi kwao. Mkojo niliompima mimi haukuwa na yai hata moja, na nikaandika hivyo. Aliyemwokoa ni muuguzi wa chumba cha uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi, ambaye alipokuwa akimwangalia aliona kitu kama chembe za mchanga zilizonasa kwenye nyama. Muuguzi huyo alikuwa amewahi kuhudhuria semina ya siku moja. Mama akapewa praziquantel, vidonge vilevile tunavyowagawia wanafunzi kwa kuwasimamisha kwenye fimbo ya kupima urefu.

Aliniuliza, "Dada, kumbe ni kichocho? Si ugonjwa wa watoto?"

Sikuwa na jibu la maana. Ndiyo maana nikajiandikisha PhD.

Swali langu la awali lilikuwa hili: kati ya wanawake wanaorudi zahanati mara ya tatu kwa kutokwa uchafu ukeni katika wilaya yetu, wangapi wana kichocho cha njia ya uzazi, na je, muuguzi anayefanya uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi anaweza kufundishwa kukitambua kwa macho? Basi. Halihitaji mashine ya mabilioni. Linahitaji zahanati kumi na mbili, pikipiki, wauguzi, vichujio, dawa, na mtu wa kukaa huko miaka mitatu.

Nanyi mnajua kwamba swali hili lina ukoo wake hapahapa. Utafiti uliofanyika vijijini Mwanza na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ilisikia. Utaratibu wa kutibu kwa kufuata dalili, bila kusubiri maabara, ukapata nguvu, na umeokoa watu wengi. Lakini utaratibu huohuo, ukitumika mahali penye kichocho cha mkojo, humfanya mwanamke mwenye mayai kwenye kizazi atibiwe zinaa asiyo nayo, tena na tena, hadi ndoa ivunjike. Kanda iliyoifundisha dunia nusu ya kwanza ya somo ndiyo inayostahili kuandika nusu ya pili. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Nilianza kuomba ufadhili mwaka 2022. Nieleze kidogo nilivyopita, kwa sababu naamini wengi wenu mara ya mwisho kujaza fomu hizi ilikuwa zamani, enzi ambazo balozi fulani ilileta nafasi na jina lako likapendekezwa.

Kwanza kuna mlango wa sifa. Ufadhili mwingi mzuri wa PhD za afya Afrika umejengwa kwa ajili ya waajiriwa wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti. CARTA, muungano ulioanzishwa mwaka 2008 ili kuwajenga watafiti wa afya barani na unaoratibiwa kutoka Nairobi na Johannesburg, unawalenga watumishi wa taasisi wanachama. Nauheshimu mno, nimeona kazi za waliopita huko. Mradi wetu wenyewe wa elimu ya juu, HEET, ule wa mkopo wa Dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umesomesha wahadhiri wa vyuo vya umma. Sawa. Ila mkopo huo utalipwa na wote, pamoja na yule mama wa majaruba, na mimi mtumishi wa halmashauri simo popote. Nikigeukia DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwa kawaida wanataka shahada yako ya mwisho isiwe imezidi miaka 6. Yangu ya uzamili niliipata 2015. Fanyeni hesabu. Mwaka uliozidi niliutumia kupima makohozi ya watu.

Tazameni lakini mantiki yake. Anayekaa na swali ni yule aliyeko wilayani, na pesa ya kulijibu inamtaka awe chuoni. Akihamia chuoni ili aipate, swali analiacha nyuma. Huko atapewa lingine.

Na nguo, yaani sura nilizolivalisha swali hilo ili wafadhili walikubali, nazo ni hadithi yake.

Andiko la kwanza lilikwenda kama lilivyo, na nguo yake yenyewe. Likarudi na sentensi mbili: tunakushukuru, halikuingia kwenye vipaumbele vya mwaka huu. Msimamizi wangu, mtu mwema ambaye ameshaona mengi, akaniambia, "Mwanangu, kichocho hakina pesa. Kitafutie ndugu mwenye pesa." Ndugu mwenye pesa alikuwa VVU. Zipo tafiti zinazohusisha kichocho cha uzazi na hatari ya kupata VVU, kwa hiyo sikudanganya. Nililigeuza tu swali likatazama upande mwingine. Wanawake wangu wakawa "kundi lililo katika hatari". Nguo ya pili hiyo.

Ya tatu ilikuwa mabadiliko ya tabianchi. Tangazo lilitaka afya na tabianchi, na malambo yanategemea mvua, na konokono wanategemea malambo. Nilikaa wiki tatu najifunza ramani za mvua. Nikikumbuka nacheka, maana nilikuwa nafahamu lambo gani lina konokono kwa kuuliza tu wachunga ng'ombe.

Ya nne, mtaikisia: akili mnemba. Picha za hadubini zisomwe na kompyuta. Hapo nikapita mchujo. Nikaitwa kwenye usaili kwa njia ya mtandao, nikavaa suti nusu ya juu, bando la kutosha, jenereta ya jirani ikiwa imewekwa tayari. Mzee mmoja kwenye jopo, mwenye sauti ya upole, akaniuliza swali moja la haki kabisa: katika wilaya yako, wanawake wangapi wana ugonjwa huu? Nikamjibu kwamba hakuna anayejua. Akasema bila idadi hiyo ni vigumu kujua kompyuta itasaidia wangapi. Alikuwa sahihi. Idadi hiyo ndiyo iliyokuwa andiko langu la kwanza.

Silalamiki kwamba nilikosa. Kukosa ni sehemu ya mchezo, na maandiko yangu mawili kati ya manne yalikuwa dhaifu, nakiri. Ninachowaeleza ni kwamba katika miaka hiyo yote hakuna hata mara moja mtu wa nchi hii aliyeniuliza ni swali gani tunataka lijibiwe. Wote walioniuliza walikuwa mbali, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuuliza la kwake, kwa kuwa pesa ni yake.

Kuhusu muda na saini. Hili ni la ndani, halihitaji bajeti, na ndilo linaloniuma zaidi.

Karibu kila mfadhili anataka barua ya taasisi: kwamba chuo kinakutambua, kitakupokea, kitasimamia fedha. Ukurasa mmoja. Mwanzoni mwa Aprili 2024 nilikuwa na ombi lililokamilika isipokuwa ukurasa huo. Niliupeleka masjala ya chuo changu wiki tano kabla, ukagongwa muhuri wa kupokelewa, nikapewa namba. Baada ya wiki moja faili lilikuwa "kwa mkubwa". Wiki ya pili mkubwa alikuwa kikaoni Dodoma. Wiki ya tatu alikuwa amerudi lakini faili lilikuwa limeshuka kwa mwanasheria, maana kuna neno "fedha" ndani yake. Wiki ya nne mwanasheria alikuwa likizo. Wiki ya tano nilipanda basi usiku, nikakaa kwenye benchi la nje ya ofisi kuanzia saa 1 na nusu asubuhi. Katibu muhtasi wa pale ni dada wa watu, hana kosa, alininunulia chai. Saa 11 jioni saini ikapatikana, ya wino wa bluu, na barua ilikuwa na tarehe ya wiki tatu nyuma. Nikatafuta sehemu ya kuskani. Ya kwanza umeme umekatika. Ya pili walikuwa na foleni ya vyeti vya kuzaliwa.

Mfumo ulikuwa unafungwa saa 11 jioni kwa saa za London, na kichwani mwangu hiyo ni saa 2 usiku kwetu. Nilikuwa nimeiandika hata kwenye kiganja. Nikabonyeza saa 1 na dakika 20. Umefungwa. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, jambo ambalo nalijua, ambalo nimewahi hata kumkumbusha mwenzangu, na ambalo siku hiyo, nikiwa sijalala na simu ina asilimia 9, lilinipita. Dakika 20 ni zangu, nazibeba. Wiki tano si zangu.

Naomba kitu kidogo hapa: barua ya kumtambua mwanafunzi isainiwe ndani ya siku 5 za kazi, na asipokuwepo mkubwa awepo aliyekaimishwa mwenye mamlaka ya kusaini hiyo na si ya kusaini likizo tu. Mwanasheria asome barua mara moja kwa mwaka, aridhie maneno yake, kisha tunabadilisha majina. Sielewi kwa nini hili linahitaji barua ya wazi, lakini nimeshaandika za kufungwa.

Sasa 2025. Mnaujua ulivyokuwa. Tarehe 20 Januari Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa amri moja. Tarehe 1 Mei taasisi yao ya afya, NIH, ikatangaza kusitisha utaratibu wa kupitisha ruzuku kwa washirika walio nje ya Marekani hadi upatikane mpya. Tarehe 1 Julai USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi. Februari ya mwaka huohuo Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba misaada yake itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Kwa wengi hizo zilikuwa habari za redioni. Kwangu nguo ya pili, ile ya VVU, ilikuwa imeanza kunikaa vizuri: kulikuwa na mpango wa mafunzo uliofadhiliwa kutoka Marekani ambao ungechukua wanafunzi wanne wa PhD, na mimi nilikuwa nimeambiwa kwa mdomo nijiandae. Sina ugomvi na walioniambia. Nao walipoteza ajira.

Mwenzangu mmoja, yeye alikuwa mwaka wa pili na sampuli zake ziko kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Ufadhili ulipokatika alibaki na jukumu la kulipia mafuta ya jenereta kwa mshahara wake, ili damu ya watu 400 waliokubali kwa hiari yao kuitoa isiharibike. Alifanya hivyo miezi minne. Sijui nani mwingine katika nchi hii anajua kwamba alifanya.

Najua jibu lililozoeleka: serikali haina fedha, vipaumbele ni vingi. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana mjini Khartoum mwaka 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Mwaka 2008 mjini Bamako mawaziri walihimizwa asilimia 2 ya bajeti ya wizara ya afya iende kwenye utafiti. Sisi hatujazifika. Wala sizidai leo. Mtu anayedai asilimia hupewa semina.

Nadai kitu chenye ukubwa wa kushikika. Bajeti yangu yote ya miaka mitatu, ukitoa mshahara ambao tayari nalipwa, ni Sh milioni 64: ada, vichujio na vitendanishi, posho za wauguzi, mafuta ya pikipiki, kibali cha maadili, safari mbili za kwenda kwa msimamizi, kompyuta moja. Chukueni watu 20 wa namna yangu kila mwaka. Ni Sh bilioni 1.28 kwa kila kundi. Bei ya shangingi mnaijua kuliko mimi, sitaitaja.

Na nyumba ya kuweka dirisha hili tunayo, hatuanzi kuchimba msingi. Nchi hii ilikuwa na baraza la utafiti la taifa tangu 1968, na jina lake lilikuwa UTAFITI, jina zuri kuliko vifupisho vyote vilivyofuata. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ilianzishwa kwa sheria ya 1979, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa sheria ya 1986. Upo Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia, MTUSATE. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 tuna Samia Scholarship inayowasomesha vijana waliofaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita, na wanaipata kwa utaratibu unaoeleweka: dirisha linafunguliwa, majina yanatoka, mtoto wa Maswa anajua siku yake. Ninachoomba ni hicho hicho kwa upande wa juu wa ngazi. Dirisha la PhD za afya, linalofunguliwa tarehe ileile kila mwaka, hata kama fedha ya mwaka huo ni ya watu 6. Tarehe ni muhimu kuliko idadi. Mtu aliyeko halmashauri akijua tarehe anaweza kupanga ruhusa ya masomo miezi kumi kabla, anaweza kumwomba mkurugenzi jina lake liingie kwenye mpango wa mafunzo, anaweza hata kuandika vizuri. Tangazo linalotoka Ijumaa na kufungwa baada ya siku 14 linamfaa aliyeketi karibu na anayelitoa.

Liwe wazi kwa mtumishi wa afya popote alipo, mradi ana chuo kilichomwandikisha na msimamizi aliyekubali kwa maandishi. Muulizeni mwombaji swali lake limetokea kituo gani cha afya, na mganga mfawidhi wa kituo hicho aandike aya moja kusema kama kweli linawasumbua. Aya hiyo ina uzito kuliko barua ya profesa asiyefika huko. Ruhusuni muhtasari uandikwe kwa Kiswahili. Mimi kila muhtasari wa lugha nyepesi ninaotakiwa kuandika kwa Kiingereza huwa nauandika kwanza kwa Kiswahili na kumsomea mama mdogo anayeuza dagaa. Akikunja uso, najua andiko halijaiva. Hajawahi kukosea. Akili mnemba aliikunjia uso siku ya kwanza.

Na anayekosa aambiwe kwa nini. Nusu ukurasa unatosha. Kati ya maombi yangu yote, maelezo ya maana niliyapata kwenye lile la usaili tu, na kwa yale maneno machache ya yule mzee nilijifunza zaidi ya kozi mbili.

Kuna atakayesema watu wa wilayani watafanya PhD halafu wataondoka. Wengine wataondoka, kweli. Lakini angalieni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Nchi hii inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kwa mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huo, na kwa miaka mingi walikuwa wakifa huku wakiandikwa malaria au upungufu wa damu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari kijana, Julie Makani, alipata ufadhili wa mafunzo kutoka Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, akautumia kuanzisha Muhimbili utaratibu wa kuwasajili na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu. Kundi hilo likaja kuwa miongoni mwa makubwa duniani yanayofuatiliwa katika kituo kimoja. Leo yeye ni profesa, na kuna madaktari waliofundishwa kupitia kazi hiyo ambao wenyewe wanafundisha. Ufadhili mmoja wa mtu mmoja. Nafurahi London ilisema ndiyo. Huwa najiuliza tu ingekuwaje kama mwaka ule selimundu nayo ingekuwa haimo kwenye vipaumbele vyao, na yeye angelazimika kuivalisha nguo ya kitu kingine.

Kichocho cha uzazi kinakadiriwa kuwasumbua wanawake na wasichana wapatao milioni 56 Afrika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya kwamba kwenye maeneo yenye maambukizi mengi dawa zisiishie kwa wanafunzi, zifike kwa watu wazima na kwa watoto kuanzia miaka 2. Siku mwongozo huo utakapofika kwenye zahanati zetu, mtu atahitaji kujua vidonge vingapi viagizwe kwa wanawake wa kata gani. Atapiga simu wilayani. Wilayani watapiga maabara. Nitakayepokea ni mimi, na jibu litakuwa lilelile nililompa yule mzee wa usaili.

Yule mama alirudiana na mumewe, kwa taarifa yenu. Muuguzi alikwenda nyumbani kwao akamweleza mume kwa dakika kumi, kwa Kisukuma, akiwa na picha kwenye simu. Hilo nalo nilitaka kulipima: kama maelezo ya dakika kumi yanaokoa ndoa ngapi. Msimamizi akasema tuliache, hakuna mfadhili wa hilo.

Nimerudi kwenye andiko la kwanza. Nimelivua nguo zote. Kuna tangazo moja la nje linalofungwa mwisho wa mwezi huu ambalo angalau halijataja akili mnemba, na wanahitaji barua ya chuo, ukurasa mmoja. Niliifikisha masjala Jumatatu iliyopita. Muhuri wa kupokelewa umegongwa na namba ya dispachi ninayo. Leo nilipopiga simu nimeambiwa faili liko kwa mkubwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanasayansi wa maabara na mwanafunzi wa PhD,
Hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa

Nakala:
Msimamizi wangu (aone kwamba nimeliacha la tabianchi)
Masjala